Hesabu ya siku, mwendo wa gari na maisha ya abiria: uzi kuhusu usafiri wa Arusha na Moshi

MTOA MADA (Arusha)

Wanajukwaa, nawasalimu. Kwa miaka sita nilimiliki Hiace moja ya daladala iliyofanya kazi kati ya Kilombero na Ngaramtoni, hapa hapa Arusha, na kwa miaka yote hiyo nilimpangia dereva hesabu ya siku, kiasi kile kile, apate abiria wengi au wachache, mvua inyeshe au jua liwake. Kilichobaki baada ya mafuta na hesabu ndicho kilichokuwa kipato chake na cha konda. Sikuwahi kumwambia akimbize gari, wala sikuhitaji kumwambia, kwa sababu hesabu ilimwambia kila asubuhi. Niliiuza Hiace hiyo baada ya dereva wangu kumgonga mwendesha baiskeli karibu na Sakina. Mtu yule alipona, ingawa mguu wake haukurudi kuwa kama zamani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila utafiti ninaoupata kuhusu usalama barabarani na usafiri wa umma. Nauandika uzi huu kwa sababu kila ajali inapotokea huku kwetu mazungumzo huishia kwenye neno moja, "uzembe", kisha tunazika na maisha yanaendelea kama yalivyokuwa.

Tumeshazika wengi. Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo la wanafunzi lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Februari 2024 lori liligonga magari mengine eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, na watu 25 wakapoteza maisha. Juni 2025 basi na Coaster viligongana Sabasaba, wilayani Same, vikawaka moto, na waliokufa walizidi 35. Hizi tunazikumbuka kwa kuwa zilichukua wengi kwa mara moja. Wanaokufa mmoja mmoja, aliyekuwa akivuka kwenda dukani au aliyepanda bodaboda usiku, hawatangazwi, na hao ndio wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, kwamba ajali ndiyo sababu ya kwanza ya vifo kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, na kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Kwa Tanzania, vifo vilivyoripotiwa rasmi mwaka 2016 vilikuwa 3,256, ilhali makadirio ya shirika hilo kwa mwaka huo huo yalizidi 16,000. Makadirio ni hesabu ya kitaalamu, si orodha ya majina, na hatupaswi kuyachukulia kama maiti zilizohesabiwa. Lakini pengo la ukubwa huo linatuonyesha kwamba majeruhi anayefia wodini wiki mbili baadaye, au anayerudishwa nyumbani na kufia huko, mara nyingi haingii kwenye daftari lolote la ajali.

Nianze na mwendo, jambo ambalo watafiti wamelipima kwa muda mrefu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri takriban mita 14 kila sekunde; likienda kilomita 80, husafiri mita 22. Dereva huhitaji walau sekunde moja kuitambua hatari na kupeleka mguu kwenye breki, kwa hiyo akiwa kwenye kilomita 80 anakuwa ameshapita urefu wa Hiace nne kabla breki haijaguswa. Göran Nilsson wa Sweden alionyesha, kutokana na barabara za nchi yake zilizobadilishiwa viwango vya mwendo, kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia moja, ajali zenye vifo hupanda kwa takriban asilimia nne. Sheria yetu inataka kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi. Mtembea kwa miguu akigongwa na gari lililo kwenye kilomita 65 badala ya 50, hatari yake ya kufa huongezeka zaidi ya mara nne. Anayepita Mbauda kwa kilomita 65 hudhani amezidisha kidogo tu.

Swali ni kwa nini anazidisha. Utafiti ulionifumbua macho kuliko wote ulifanyika Santiago, nchini Chile, na watafiti Ryan Johnson, David Reiley na Juan Carlos Muñoz. Wakati huo jiji hilo lilikuwa na madereva wa mabasi wa aina mbili kwenye njia zinazofanana: waliolipwa kwa kila abiria waliyempakia, na waliolipwa mshahara usiobadilika. Jiji lilikuwa lile lile, barabara zile zile, na watu wa malezi yale yale. Waliolipwa kwa kichwa cha abiria walisababisha takriban asilimia 67 zaidi ya ajali kwa kila kilomita waliyoendesha. Kulikuwa hata na watu waliosimama vituoni wakiandika saa ambayo kila basi limepita, wakauza taarifa hiyo kwa dereva anayefuata ili ajue akimbilie abiria au avute muda. Yeyote anayewafahamu wapiga debe wetu hatashangaa. Haki inanidai niseme na upande wa pili: kwenye njia za mshahara abiria walisubiri basi kwa muda mrefu zaidi kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa mabasi yalifuatana kwa mafungu na hakuna aliyejali kuyatenganisha. Kwetu, Matteo Rizzo, aliyechunguza kazi ya daladala Dar es Salaam kwa miaka mingi, alikuta wafanyakazi wengi hawana mkataba wa maandishi, wanafanya kazi saa nyingi kupita kiasi, na wanaishi kwa kile kinachobaki baada ya hesabu ya tajiri. Nilipoyasoma hayo nilijitambua, kwa sababu tajiri huyo nilikuwa mimi. Kukatisha ruti, kujaza abiria hadi mlangoni, kumwachia deiwaka, yaani dereva wa kushikiza, usukani jioni wakati dereva mwenyewe amechoka, yote hayo nilikuwa nikiyaita tabia mbaya ya vijana. Nilikuwa nikiyalipia bila kujua.

Kuna utafiti mwingine wa jirani zetu ambao ningependa tuujadili. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika ndani ya matatu za safari ndefu nchini Kenya stika zilizowahimiza abiria kumkemea dereva anayehatarisha maisha yao. Walichagua kwa bahati nasibu matatu zitakazobandikwa na zisizobandikwa, kisha wakalinganisha madai ya bima. Katika jaribio la kwanza madai yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Katika jaribio kubwa zaidi lililochapishwa mwaka 2015 yalipungua kwa robo hadi theluthi. Stika ilikuwa kitu cha gharama ndogo sana, na ili madereva wasizibandue waliwekewa bahati nasibu ya kila wiki kwa watakaokutwa bado wanazo. Naamini sababu ya mafanikio yake ni kwamba kila abiria huogopa kuwa wa kwanza kusema. Stika humwonyesha kwamba si yeye peke yake mwenye hofu.

Hoja yangu ni kwamba usalama na ubora wa usafiri wa umma ni jambo moja. Anayechoshwa na kubanana kwenye Hiace huhamia kwenye bodaboda, na huko hatari ni kubwa zaidi. Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa wanaofanya kazi barabarani.

MCHANGIAJI (Njiro)

Ndugu mtoa mada, nimekusoma kwa makini na nakushukuru kwa ukweli wako kuhusu hesabu. Hata hivyo nina wasiwasi kwamba unamwondolea dereva wajibu wake. Dereva aliyekunywa pombe atabaki kuwa hatari hata akilipwa mshahara wa milioni kwa mwezi, na anayeovateki kwenye kona ameamua mwenyewe kufanya hivyo. Nchi zilizoendelea zilianza na adhabu kali. Kwa nini sisi tuanze na huruma?

MTOA MADA

Ndugu wa Njiro, wajibu wa dereva upo pale pale, na hoja ya pombe ni nzito kuliko tunavyodhani. Pale KCMC, Moshi, watafiti wa hospitali hiyo wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke waliwapima majeruhi wanaofikishwa idara ya dharura, wakakuta karibu theluthi wana pombe mwilini. Hawakuishia kuhesabu. Walitengeneza ushauri nasaha mfupi unaotolewa kwa majeruhi akiwa bado hospitalini, wakauita Punguza Pombe Kwa Afya Yako, na wakaupima kwa majaribio ya kitabibu. Naona busara katika kumfikia mtu akiwa kitandani na kidonda chake, wakati ambapo sikio lake limefunguka.

Kuhusu adhabu, Kenya iliwahi kujaribu mwaka 2004 chini ya waziri John Michuki: vidhibiti mwendo, mikanda kwa kila abiria, mwisho wa kusimamisha watu ndani ya matatu. Nidhamu ilionekana wazi kwa muda, kisha usimamizi ulipolegea mazoea yakarudi. Sweden, ambayo bunge lake liliamua mwaka 1997 kwamba hakuna kifo cha barabarani kinachokubalika, haikufuta adhabu. Iliongeza swali ambalo sisi hatuliulizi: mtu akikosea, kwani binadamu atakosea tu, je, barabara na mwendo vitamwacha hai? Napenda tuwe na trafiki waadilifu na kamera. Mapitio ya tafiti nyingi yameonyesha kwamba kamera za mwendo hupunguza ajali zenye vifo na majeraha makubwa kwa asilimia 11 hadi 44. Lakini trafiki hawezi kusimama kila mahali, na hesabu ya siku ipo kila mahali.

DEREVA WA BODABODA (Kwa Mrombo)

Shikamooni wakubwa. Nimefuatilia uzi huu tangu jana na naomba nichangie, kwa sababu bodaboda tunatajwa kila mara bila kuulizwa. Pikipiki ninayoendesha si yangu. Nimeichukua kwa mkataba, ambapo kila siku napeleka fedha kwa mwenye nayo hadi kiasi tulichokubaliana kitimie, ndipo iwe yangu. Nikikosa siku mbili mfululizo anaweza kuichukua, hata kama nimeshalipa miezi kumi. Kwa hiyo hicho anachokiita mtoa mada hesabu, na sisi tunacho, tena chetu kina hofu zaidi kwa sababu ndani yake kuna akiba yangu yote. Ndiyo maana mtu hubeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, akijua kabisa kwamba ni kosa.

Kuhusu kofia ngumu, mimi ninazo mbili. Abiria wengi, hasa akina dada waliosuka, huikataa ya pili kwa kuwa imevaliwa na kila mtu na inanuka jasho. Sibishani nao, kwa sababu nikibishana wanahamia kwa mwenzangu. Nimejaribu kununua kofia nyepesi za kitambaa za kuvaa ndani yake, nazo zinafuliwa jioni. Waliokubali wameongezeka, ingawa bado ni wachache. Na naomba mfahamu kwamba sisi tunafika mahali ambapo Hiace haifiki. Mama anayejifungua saa nane usiku kule ndani Muriet hana gari lingine la kumfuata.

MTOA MADA

Marahaba, mdogo wangu. Umenifundisha jambo ambalo sikulikuta kwenye utafiti wowote, la mkataba wa pikipiki kuwa hesabu ya aina nyingine. Endelea na kofia za ndani. Mapitio ya tafiti kutoka nchi nyingi yanaonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, na ajali za barabarani zina nafasi kubwa miongoni mwa majeruhi wa kichwa wanaoorodheshwa KCMC. Abiria wako akikataa, mwambie tarakimu hizo mbili tu kisha umwache achague. Naelewa huwezi kumlazimisha wakati mwenzako yupo pembeni anasubiri, na hapo ndipo ninapoona umuhimu wa kijiwe kizima kukubaliana.

MWALIMU (Moshi)

Ndugu zangu, mimi nafundisha shule ya msingi hapa Moshi, na lango letu linafunguka moja kwa moja kwenye barabara ya lami. Saa sita na nusu mchana wale wa darasa la kwanza na la pili hutoka kwa mkumbo, na kila siku mwalimu wa zamu husimama katikati ya barabara akiwa ameinua kitabu ili magari yasimame. Hatuna kibao, hatuna tuta, wala alama za pundamilia, ambazo zilikuwapo zikafutika. Mwaka jana mtoto wa darasa la pili aligongwa na pikipiki akavunjika paja. Nimeandika barua nyingi. Naomba kuuliza: je, kuna utafiti wowote kuhusu watoto, au tafiti zote ni za magari na madereva?

MTOA MADA

Mwalimu, pole sana kwa mtoto huyo. Upo utafiti, tena wa hapa nchini. Shirika la Amend limefanya kazi kwenye maeneo ya shule za msingi Dar es Salaam: kupima mahali watoto wanapovukia, kisha kuweka matuta, njia za kutembea, vivuko, nguzo za kuzuia magari, na pale inapowezekana kuhamisha lango la shule lifungukie njia ya ndani. Walilinganisha maeneo yaliyofanyiwa kazi hiyo na yasiyofanyiwa, na majeraha ya watoto yakapungua kwa takriban asilimia 26. Mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya World Resources Institute mwaka 2019. La lango lichunguzeni kwanza. Kama uwanja wa shule una upande unaotazama mtaa wa ndani, kuhamisha lango ni kazi ya fundi mmoja na kamati ya shule, na haisubiri bajeti ya wakala wa barabara, TARURA wala TANROADS.

MHANDISI (Tengeru)

Nimefanya kazi za barabara kwa muda na naomba niongeze ya ufundi. Barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, imepunguza foleni, na barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 imeyapa malori njia ya kutopita katikati ya mji. Hayo ni mafanikio na nayasema kwa fahari. Lakini barabara pana huongeza mwendo, na mtu anayevuka njia nne hukaa kwenye hatari muda mrefu kuliko anayevuka mbili. Dawa yake inajulikana: kisiwa cha kusimamia katikati, ili mvukaji ashughulike na upande mmoja kwa wakati mmoja.

Jambo dogo ambalo watu hawaligundui ni mahali pa kituo cha daladala. Kituo kikiwekwa kabla ya kivuko, Hiace iliyosimama humficha mvukaji, na gari linalokuja nyuma yake humwona akiwa tayari mbele ya boneti. Kikiwekwa baada ya kivuko, abiria huvukia nyuma ya gari na kuonekana na wote. Ukarabati huo ni wa gharama ndogo kuliko daraja la juu la waenda kwa miguu, ambalo, kwa niliyoyaona, wazee na wenye mizigo hulikwepa.

Kuhusu matuta, naunga mkono, ila tuta lisilopakwa rangi wala kuwekewa kibao huua waendesha pikipiki usiku. Kwenye barabara kuu nazipendelea rasta, yaani vituta vidogo vinavyofuatana na kutikisa gari, zinazomtahadharisha dereva mapema. Ghana waliziweka kwenye njia panda ya Suhum, barabara ya Accra hadi Kumasi, na ajali zikapungua kwa takriban asilimia 35, vifo kwa asilimia 55.

MCHANGIAJI (Sanawari)

Wakuu, mbona hakuna anayezungumzia mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake? Dar es Salaam wanayo tangu 2016. Arusha ni jiji, tuna wageni wa utalii na tunajengewa uwanja wa AFCON. Tuletewe mabasi makubwa, hizi Hiace ziondolewe, na tatizo liishe.

MTOA MADA

Ndugu wa Sanawari, mwendokasi naupenda, na ulipoanza Mei 2016 kwa takriban kilomita 21 kutoka Kimara ulikuwa wa kwanza Afrika Mashariki. Unachofanya kwa usalama kinaeleweka: basi lina njia yake, abiria hulipa kabla ya kupanda, na dereva hagombanii kichwa cha mtu na mwenzake. Mjini Bogotá, nchini Kolombia, watafiti walikuta vifo kwenye barabara ya Avenida Caracas vimepungua kwa karibu nusu baada ya kuwekwa TransMilenio, mfumo wao wa mabasi ya aina hiyo. Watafiti hao hao walionya kwamba mpangilio ukikosewa, hasa basi likipewa njia ya kwenda kinyume na magari mengine, ajali huongezeka. Tukumbuke pia kwamba sensa ya 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar es Salaam na takriban 617,000 katika Jiji la Arusha. Barabara ya Sokoine haina upana wa kutosha, na fedha za ujenzi wa aina hiyo haziji kesho. Kuziondoa Hiace kabla hatujapata cha kuziba nafasi yake kutawapeleka abiria wote kwa ndugu yetu wa Kwa Mrombo.

Ninachopendekeza kinaweza kuanza na magari tuliyonayo. Wamiliki wa njia moja waungane kwenye ushirika, mapato yaingie mfuko mmoja kwa tiketi, dereva na konda walipwe mshahara, na magari yaondoke kwa saa zilizopangwa ili tusipate lile tatizo la Santiago la mabasi kufuatana. Najua wamiliki wataogopa kuibiwa nauli, kwa sababu ndiyo hofu iliyonifanya mimi niipende hesabu: inamwezesha tajiri kulala bila kumwamini mtu. Wamiliki wanne wa njia ya Ngaramtoni wamekubali kukaa nami mwezi ujao. Mmoja amekataa katakata, na namheshimu, maana bado anadaiwa mkopo wa gari.

Kabla ya kikao hicho nataka tuwe na takwimu zetu wenyewe. Nairobi mwaka 2014 watafiti na wanafunzi walizichora njia zaidi ya 130 za matatu kwa kutumia simu za mkononi tu, na ramani yao ikatumika hadharani. Sisi tuanze na mwendo. Pimeni mita 100 pembeni mwa barabara, mkiwa nje kabisa ya njia ya magari, muweke alama mbili, kisha mtumie saa ya simu: gari linalopita alama hizo kwa sekunde 7.2 linakwenda kilomita 50 kwa saa. Likitumia sekunde 4.5, ni kilomita 80. Andikeni aina ya gari, saa na sekunde. Namba za gari msiandike, kwa sababu hatumtafuti mtu wa kumshitaki. Nitakuwa Sakina Jumamosi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne.

MHANDISI (Tengeru)

Nitapima Tengeru, karibu na soko, siku hiyo hiyo na saa hizo hizo, ili tuweze kulinganisha. Pimeni magari yasiyopungua 100 kila mahali, na msiyachague; kila linalopita liandikwe, hata la mwendo wa pole.

DEREVA WA BODABODA (Kwa Mrombo)

Kijiwe chetu kitatoa watu wawili. Tutahesabu pia wanaovaa kofia, dereva na abiria kila mmoja peke yake.

MWALIMU (Moshi)

Shuleni tunayo tepu ya michezo ya mita 50, tutaipima mara mbili. Jumamosi hakuna watoto, kwa hiyo sisi tutapima Jumatatu, saa sita na nusu mchana, wakati darasa la kwanza linapotoka.